Mnyama Anayekataa Kukua

(Mazungumzo haya ya kila wiki yalisomwa redioni na mwandishi wetu aishiye London.)



Nimepata barua ya msikilizaji mmoja wa Arusha, baba wa watoto watatu, mwenye ombi. Anasema kitinda mimba wake hana raha tangu alipomwona, katika mchezo mmoja wa kompyuta, mnyama wa majini mwenye miguu minne, mkia, na vitu mfano wa manyoya mekundu kila upande wa kichwa, ambaye daima anaonekana kama anacheka. Mtoto anamtaka mnyama huyo. Hataki picha, anamtaka mwenyewe. Na kwa kuwa baba mtu aliwahi kunisikia nikigusia kwamba nyumbani kwangu hapa London ninao wawili, ananiomba nimletee mmoja nitakapokuja likizo, hata akiwa mdogo wa kutia kwenye chupa.

Bwana, sitamleta. Lakini si uungwana kumkatalia mtu kwa neno moja, hasa mtu aliyejisumbua kuniandikia kurasa mbili. Kwa hiyo leo nitawaeleza mnyama huyu ni nani, anafugwaje, na mambo yaliyotukuta sisi tulipomfuga bila kujua.

Jina lake ni aksolotli. Ni jina la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico, na ndani yake mna neno la maji pamoja na jina la mungu wao wa kale, Xolotl. Wako wanaomwita samaki atembeaye, lakini si samaki. Ni salamanda, na salamanda ni ndugu wa chura. Chura, kama tujuavyo sote tuliokulia vijijini, huanza maisha kama kiluwiluwi, kisha huota miguu, hupoteza matamvua na mkia, akaruka nchi kavu. Aksolotli yeye huota miguu, halafu basi. Matamvua yake yanabaki yananing'inia nje ya kichwa kama mashada, mkia unabaki, na yeye mwenyewe anabaki majini. Katika hali hiyohiyo ya utoto anapevuka, anazaa na kuzeeka. Sababu imo katika tezi ya shingoni, ambayo kwa salamanda wengine hutoa amri ya kugeuka umbo, na kwake haitoi amri ya kutosha. Wataalamu wakimpa kichocheo cha tezi hiyo hugeuka kweli, akapoteza matamvua na kutoka majini, lakini aghalabu maisha yake hufupika. Akiachwa alivyo huishi miaka 10 hadi 15 tangini, na kufikia urefu wa sentimeta 25 hivi.

Tena akikatika mguu huota mwingine, na mifupa yake, misuli yake na vidole vyake. Hata uti wa mgongo ukijeruhiwa hujiunga upya. Ndiyo maana maabara za dunia zinampenda, na mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma maandishi yake yote ya urithi, herufi bilioni 32, yaani mara kumi ya yale ya binadamu. Haya nayapita haraka kwa sababu magazeti yamekwisha kuyasema. Lisilosemwa sana ni jambo la maji.

Wa kwanza tulimnunua binti yangu alipotimiza miaka 9. Duka moja la wanyama lilituuzia kila kitu siku hiyohiyo: tangi la kioo la lita 40, changarawe za rangi, taa, chujio la umeme, na mnyama mwenyewe, mweupe mwenye macho meusi, ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji akatuambia tujaze maji ya bomba, tutie matone ya kuondoa klorini, tungoje saa moja, kisha tumwachie. Tukafanya hivyo. Maji yalikuwa yanang'aa kama ya chemchemi. Siku ya nne mnyama akaacha kula. Siku ya saba matamvua yake yalijikunja mbele na ngozi ikatoka mabaka mekundu. Siku ya 12 binti yangu aliporudi shuleni alimkuta amelala chali. Akaniuliza, "Baba, tulimfanya nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye, kwa kusoma na kwa kuwauliza wafugaji wa siku nyingi. Kila mnyama wa majini hutoa uchafu wenye amonia, na amonia ni sumu. Haionekani kwa macho, wala kwa kiasi kile hainuki. Tangini huondolewa na bakteria. Kundi la kwanza la bakteria hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, nayo nitriti bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo, na hiyo unaipunguza wewe mwenyewe kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huishi ndani ya sponji la chujio, juu ya mchanga na juu ya mawe. Katika maji ya bomba hawamo, nao huhitaji wiki kadhaa ili waongezeke. Tangi jipya linalong'aa, ndugu wasikilizaji, ni nyumba isiyo na choo. Mnyama wetu alikufa ndani ya mkojo wake mwenyewe, na sisi tumesimama nje tunasifu usafi wa kioo.

Mara ya pili tulianza na tangi tupu. Tulinunua kubwa, la lita 150, maana lita 75 ni kiasi cha chini kwa aksolotli mmoja na sisi tulitaka wawili. Tukaliwashia chujio, tukawa tunatia amonia safi ya chupa tone kwa tone, na kila jioni binti yangu alipima maji kwa vichupa vya dawa vinavyobadilika rangi, akaandika hesabu kwenye kalenda ya jikoni. Lengo ni kufika mahali ambapo ukitia amonia leo, kesho yake amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, na nitrati peke yake ndiyo inayosomeka. Wafugaji husema wiki nne hadi nane. Sisi ilituchukua siku 41. Jirani yetu alikuja siku moja akakuta chujio linavuma, tangi halina kitu, na mtoto anaandika hesabu. Aliniangalia kwa huruma sana.

Mambo mengine yalikuwa mepesi tukishajua sababu zake. Changarawe tulizitupa, kwa maana aksolotli hula kwa kupanua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilichopo, na jiwe likiingia huziba utumbo. Tukatandika mchanga laini. Hana kope, kwa hiyo taa kali humtesa. Tukaizima na kumlazia chungu kimoja cha maua awe na mahali pa kujificha. Mkondo wa chujio uwe wa polepole. Samaki wasiwekwe pamoja naye, watamdonoa matamvua. Na sponji la chujio lisioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini huua bakteria waliokuchukua wiki sita kuwapata. Lioshwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Kosa hilo nalo nililifanya mara moja, kwa kupenda usafi, ikabidi wanyama wakae kwenye beseni siku nane huku nikiwabadilishia maji yote kila siku.

Chakula si tatizo. Nyungunyungu, wale tunaowachimba kuwa chambo cha ndoana, wanamtosha kabisa, mmoja au wawili kila baada ya siku moja au mbili kwa mkubwa. Kumshika mkononi hapana, ngozi yake ni nyororo mno.

Tatizo ni joto. Maziwa aliyotokea yako juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ni ya baridi. Anapenda nyuzi 16 hadi 18. Zikizidi 20 anaanza kutaabika, zikifika 24 unamhesabia siku. Hapa Uingereza mtu hudhani baridi haimpungukii, lakini tarehe 19 Julai 2022 London ilipita nyuzi 40, jambo ambalo halikuwahi kuonekana hapa. Siku hiyo sikwenda kazini. Nilijaza maji kwenye chupa za plastiki, nikazigandisha kwenye friza, nikawa nazitia tangini moja moja na kuzitoa, taratibu, maana kushusha joto kwa ghafla nako ni hatari. Feni niliielekeza juu ya maji, na feni peke yake hupunguza nyuzi mbili tatu. Kipimajoto kilipanda hadi 23 kikasimama. Mimi mtu wa Mwanza, niliyezoea jua tangu utotoni, nilikesha nikiwapepea wanyama wa Mexico mjini London.

Sasa nije kwenye uzazi, kwa sababu najua mtoto wa Arusha akipata mmoja atataka wawili.

Hawa wawili wetu tuliambiwa dukani kwamba wote ni majike. Ukweli ni kwamba aksolotli akiwa mdogo hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Hadi atimize mwaka mmoja hivi ndipo dume huonekana kwa uvimbe nyuma ya miguu ya mwisho, kwenye tundu la chini ya mkia, na jike huonekana kwa tumbo pana. Sisi tuliuona uvimbe tukadhani ni shibe. Ikaja Februari, maji yakapoa kwa nyuzi kadhaa, na kushuka kwa joto ndiko kunakowaamsha. Asubuhi moja tukakuta sakafu ya tangi imetapakaa vibonge vidogo vya utelezi, kila kimoja na doa jeupe juu. Dume hakumbatii jike kama chura afanyavyo. Huzunguka akitikisa mkia, anaacha vibonge vile vyenye mbegu chini, na jike humfuata nyuma akivipitia na kuviokota kwa tundu lake. Kesho yake akaanza kutaga, yai moja moja, akilibandika kwenye majani, kwenye bomba la chujio, kwenye chungu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100, anaweza kutaga 1,000. Binti yangu alihesabu hadi 300 akachoka.

Tulimtoa dume siku hiyohiyo, maana akiachwa atamtagisha jike tena kabla hajapata nguvu. Wazoefu hushauri jike asizalishwe kabla ya miezi 18. Wetu alikuwa na 16, tukanusurika kwa bahati.

Yai ni doa jeusi ndani ya mpira mwangavu. Ukiwa na kioo cha kukuzia unaona kila kitu: doa linarefuka kama harage, linapata kichwa, linapata mkia, na siku ya kumi hivi linaanza kujinyonganyonga. Baada ya wiki mbili au tatu, kulingana na joto, linaanguliwa, na kitoto kina urefu wa sentimeta moja hivi. Sijaona somo la biolojia zuri kuliko hilo.

Lakini hesabu yake ndiyo hii. Siku mbili tatu za mwanzo kitoto hula kiini chake. Baada ya hapo hali chochote isipokuwa kilicho hai na kinachocheza mbele ya macho yake. Kwa hiyo unaangua uduvi wadogo mno wa maji ya chumvi, aina ya Artemia, kutoka kwenye mayai makavu, kwa maji ya chumvi yenye kutibuliwa na hewa siku nzima na usiku wake. Unawachuja kwa kitambaa, unawasuuza chumvi, unawalisha watoto mara mbili kwa siku. Waliobaki bila kuliwa hufa na kutoa amonia, kwa hiyo maji hubadilishwa kila siku. Wakianza kuota miguu wanang'atana, huyu anakula mguu wa yule. Miguu huota tena, ndiyo, lakini wafugaji makini humpa kila mmoja kikombe chake. Vikombe 300, ndugu wasikilizaji. Kila siku, kwa miezi.

Wafugaji wanayo njia yao. Mayai ya ziada, yakiwa bado ya siku za mwanzo, kabla mwili haujajijenga, hutiwa kwenye friza. Nilipolisema jambo hilo mezani binti yangu aliweka kijiko chini. Tulikwisha kuua mmoja, akasema, sasa tunaua mia tatu. Nilitaka kumjibu kibaba, kwa sauti, lakini mama watoto alinitangulia. Alimwuliza tu, "Sisi tunawafahamu watu wangapi ambao watakubali kupima maji ya tangi tupu kwa siku 41?" Tukachukua karatasi. Tulipata majina 11, na mawili baadaye tuliyafuta.

Tukabakiza mayai 30. Mengine binti yangu aliyafunga mwenyewe katika mfuko akayapeleka kwenye friza, na jioni ile hakuzungumza na mtu. Kati ya yale 30 waliangua 26, na 19 walifika sentimeta tano. Waliobaki walikufa bila sababu niliyoweza kuiona. Kabla ya kumpa mtu mtoto mmoja tulikwenda kwake na vichupa vyetu tukapima maji. Rafiki yangu mmoja wa siku nyingi nilimnyima, na mpaka leo ameninunia.

Huyo rafiki ndiye aliyenirushia neno ambalo limenikaa moyoni. Alisema, wewe una kichaa, mnyama huyu karibu atoweke duniani, nawe unagandisha mayai yake mia mbili na sabini?

Ni kweli anatoweka. Makao yake ya asili yalikuwa maziwa ya bonde la Mexico. Ziwa Chalco lilikaushwa, na kilichosalia ni mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha nchi hiyo walipohesabu mwaka 1998 walikadiria aksolotli 6,000 kwa kila kilometa moja ya mraba. Mwaka 2014 walikadiria 36. Benki kuu ya nchi hiyo imemchapisha kwenye noti ya peso 50 tangu mwaka 2021, kwa hiyo yumo katika kila mfuko wa suruali, lakini mferejini hayumo.

Hata hivyo waliomo matangini mwetu si akiba ya kurudisha huko. Wengi wa aksolotli wa maabara na wa majumbani wanatokana na kikundi kidogo kilichopelekwa Paris. Aksolotli 34 walifika huko mwaka 1864, na sita kati yao, mmoja akiwa mweupe, walikabidhiwa mtaalamu Auguste Duméril, ambaye mwaka uliofuata aliwazalisha. Tangu hapo ndugu wameoana na ndugu vizazi na vizazi. Hata wale weupe wenye macho mekundu walipata sifa hiyo kwa kuchanganywa na salamanda wa aina nyingine mwaka 1962. Ukiwamwaga hawa mferejini unapeleka damu iliyochuja, na pengine magonjwa.

Isitoshe, Xochimilco haikupungukiwa na aksolotli kwanza. Ilipungukiwa na maji mazuri. Jiji lilikua, maji machafu yakaingia mifereji, na katika miaka ya 1970 na 1980 wakapandikizwa samaki wa kitoweo, kambare-mamba wasiwadanganye, si hao, bali kapu wa Asia na tilapia. Tilapia, yaani jamii ya sato na perege wetu, asili yake Afrika! Wanakula mayai na watoto wa aksolotli. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi, tuliona sangara alivyowafanya furu. Watafiti wa chuo kile sasa wanashirikiana na wakulima wa mashamba ya visiwani, yanayoitwa chinampa, kuzuia mitaro midogo kwa vichujio vya majani, maji yasafike na tilapia wasipite. Ni kazi ya koleo na matope, haipigwi picha sana.

Basi, baba wa Arusha, ombi lako. Kwanza, mnyama huyu yumo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, hasafiri kwenye chupa ndani ya sanduku langu bila hati za serikali. Pili, Julai na Agosti huko kwenu angestahimili, lakini miezi ya joto ungehitaji mashine ya kupoza maji mchana na usiku, na umeme ukikatika jioni moja unamzika asubuhi.

Mvua zitakapoanza, mpeleke mtoto kwenye dimbwi na ndoo. Achukue viluwiluwi watano au sita, na maji ya dimbwi hilohilo, si ya bomba. Awaweke kwenye beseni pana, kivulini, awape mchicha uliochemshwa, kidogo sana, na maji abadilishe nusu kila siku mbili kwa maji ya palepale dimbwini. Aweke jiwe linalochomoza juu ya maji kwa ajili ya siku ya kutoka. Aandike kwenye kalenda miguu ya nyuma imetoka lini, ya mbele lini, mkia umekwisha lini. Kisha awarudishe walikotoka. Maji yakichafuka atajua mwenyewe kwa kuwatazama, na akiniandikia hesabu zake nitazisoma hapa.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitajibu barua ya Tanga kuhusu bei ya nauli za treni za hapa. Kwaherini.